Mtungi wa Bibi na Joto Lisiloonekana

Hakuna nyumba ya jamaa zetu waliovuka bahari isiyo na chupa ya mafuta ya nazi. Ipo Maskati, ipo Dubai, ipo London, ipo Toronto. Kule Unguja mafuta hayo hukaa chupani karibu mwaka mzima yakiwa maji matupu, na mama huyamimina kiganjani bila kufikiri. Katika nchi za baridi, ikiingia Novemba, chupa ile ile huwa kama ina nta nyeupe ndani yake, na anayetaka kumpaka mtoto nywele hana budi kuitia kwanza katika bakuli la maji ya moto. Wapo vijana wetu, waliozaliwa na kukulia huko, wanaoamini kwamba mafuta ya nazi kwa asili yake ni kitu kigumu cha kuchotwa kwa kijiko. Wakija Zanzibar kwa likizo huyatazama yale ya bibi zao kwa shaka, wakidhani yamechanganywa na kitu.

Mafuta ni yale yale. Huyeyuka yakifika nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na chini ya hapo huganda. Unguja ni nadra halijoto kushuka chini ya kiwango hicho kwa muda mrefu, na London ni nadra nyumba kukipita wakati wa kipupwe. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa ndani ya chupa, isipokuwa joto.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu inayotuhusu sisi sote wa ukoo huu. Mtakumbuka kwamba tangu Bibi alipofariki, Mungu amrehemu, imezungushwa orodha ya vyombo vyake, na kila mmoja ametakiwa aandike jina lake mbele ya kile anachokitaka. Kasha la njumu lina majina manane. Mrashi wa fedha una majina sita. Buli la kahawa lina manne. Mbele ya mtungi wa udongo aliotoka nao Unguja, na mbele ya jahla ya Bahla aliyoinunua baada ya kufika Oman, hakuna jina hata moja. Mmoja wetu ameshauri kwa nia njema kwamba vipakwe vanishi, viwekwe ukumbini na kutiwa maua ya plastiki. Kabla hatujaamua, ni vizuri tujue vyombo hivyo vilikuwa vikifanya kazi gani, kwani viwili hivyo ndivyo vilivyomfanya babu yetu aishi miaka tisa zaidi.

Tuanze na lililo dogo kabisa. Maada yote, jiwe, maji, hewa, hata mkono unaoshika simu hii, imeundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, na chembe hizo hazitulii kamwe. Fikirini msikiti siku ya Ijumaa. Wakati wa sala watu wamo katika safu, bega kwa bega. Kila mmoja anainama na kuinuka, lakini hatoki mahali pake. Hiyo ndiyo hali ya kitu yabisi: chembe hutikisika palepale, zikishikiliwa na jirani zake. Baada ya salamu watu huinuka na kuelekea mlangoni; wangali wamesongamana, ila sasa wanapishana na kubadilishana nafasi. Hicho ni kimiminika. Wakishatoka uwanjani kila mtu hushika njia yake, na baina ya mtu na mtu kuna nafasi kubwa. Hiyo ni gesi. Watu ni wale wale, na idadi ni ile ile. Kilichobadilika ni mwendo wao na namna wanavyoshikamana.

Nishati ya ndani ya kitu chochote ni jumla ya mambo mawili. La kwanza ni nishati ya mwendo wa chembe zake. La pili ni nishati inayotokana na mvutano uliopo baina ya chembe hizo, yaani ile inayoongezeka kila zinapotenganishwa. Kipimajoto kinajua habari ya lile la kwanza tu. Chembe zikienda kasi, kinapanda. Zikipunguza mwendo, kinashuka. Kuhusu lile la pili kipimajoto hakisemi neno, na hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka tulitazame.

Tieni kilo moja ya maji katika sufuria, maji ya nyuzi 25, muibandike motoni. Ili yafike nyuzi 100 yanahitaji kilojuli 314 hivi, na muda wote huo kipimajoto kitakuwa kinapanda. Yakishaanza kuchemka, kipimajoto kinasimama. Moto unaendelea kuwaka, gesi inaendelea kulipiwa, joto linaendelea kuingia, na bado kipimo hakisogei hata nukta moja hadi tone la mwisho litoke. Katika kipindi hicho cha ukimya maji yale yatakuwa yamemeza kilojuli 2,257, zaidi ya mara saba ya zile zilizoyafikisha kwenye mchemko. Joto hilo lote halikuziongezea chembe mwendo. Limetumika kuzing'oa kutoka katika mikono ya wenzake.

Aliyelipima jambo hili kwa makini ni Joseph Black, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1760. Alitambua kwamba barafu huyeyuka polepole hata ikiwa chumbani penye joto, na kwamba maji hayageuki mvuke yote kwa mkupuo yafikapo kwenye mchemko, na akahitimisha kwamba kuna joto linaloingia ndani ya kitu bila ya kuonekana kwenye kipimo. Aliliita joto lililofichika, na hata leo vitabu vyetu vya shule huliita jotofiche. Neno hilo ni sahihi kuliko lingekuwa neno "lililopotea", kwani joto hilo halipotei. Mvuke ukirudi kuwa maji, hulirudisha lote, kilojuli kwa kilojuli.

Wazee wetu hawakuwa na hesabu hizi, lakini walikuwa na kazi zilizosimama juu yake. Wale wa upande wa Jabal Akhdar wanajua. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Machi mpaka katikati ya Mei, mawaridi huchumwa alfajiri katika matuta ya vijiji vya mlimani, kisha hukenekwa kuwa marashi. Kwa njia ya zamani, mawaridi hutiwa katika chungu kilichojengewa ndani ya tanuri la udongo, na ndani ya chungu huwekwa chombo cha shaba cha kupokelea matone. Juu ya mdomo wa chungu huwekwa bakuli la shaba lililojaa maji baridi, mpaka mdomo ukazibika. Mvuke wenye harufu hupanda, hugusa kitako cha bakuli lile, hugeuka matone, na matone huangukia katika chombo cha ndani.

Anayeitazama kazi hii kwa mara ya kwanza hushangaa kuona mtengenezaji akishughulika zaidi na maji ya juu kuliko mawaridi ya chini. Huyagusa kila mara, na yakipata moto huyamwaga na kutia mengine. Kuna maana. Kila gramu ya mvuke inayogeuka tone hulikabidhi bakuli lile joto lote ililolificha tangu chini, na bakuli likishakuwa la moto haliwezi tena kupokea. Asipolibadilisha, mvuke hautashuka. Utatafuta ufa na kutoka nje, na harufu itabaki kwa majirani. Aidha, katika uwanda wa Sayq, ulio mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100, kwa kuwa chembe zinapata upinzani mdogo zinapotaka kutoka. Na harufu yenyewe ni muujiza wa aina yake: geranioli, mojawapo ya viasili vya harufu ya waridi, ikiwa peke yake huchemka karibu na nyuzi 230, lakini ikifuatana na mvuke wa maji husafiri nao kwenye joto dogo kuliko hilo kwa mbali.

Jamaa wa Pemba wasidhani kwamba haya ni ya watu wa milimani peke yao. Makonyo ya karafuu, vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, hukenekwa Wawi, karibu na Chake Chake, kwa kanuni hiyo hiyo ya mvuke, na mafuta yake husafirishwa nje. Anayetoka Wawi akapanda Jabal Akhdar atakuta kazi anayoijua. Kilichobadilika ni mmea tu. Elimu yenyewe ni kongwe: al-Kindi, katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya manukato na ukenekaji wake.

Joto hilo linalorudishwa lina upande wake wa kuogopesha, nami nautaja kwa ajili ya wale wenye jikoni na watoto wadogo. Gramu moja ya maji ya nyuzi 100 ikimwagikia ngozi, mpaka ipoe kufikia joto la mwili itakuwa imetoa juli 263 hivi. Gramu moja ya mvuke wa nyuzi hizo hizo, ikigusa ngozi, kwanza hugeuka maji na kutoa juli 2,257, kisha ndipo hutoa zile 263. Ni karibu mara kumi. Kipimajoto kingesema viwili hivyo vina joto sawa; ngozi inajua kwamba havifanani. Bi mkubwa mmoja wa ukoo wetu alikwenda kaburini na kovu la mkono aliloungua kwa kufunua sufuria ya wali uliopaliwa, si kwa kumwagikiwa na maji. Kwa hiyo kifuniko kifunuliwe kwa kukielekeza mbali na uso, na aliyeungua awekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe samli wala dawa ya meno.

Sasa tuje kwenye mtungi, ambao hufanya kazi ya tanuri la marashi pasipo moto. Maji hayangoji kuchemka ili yatoe mvuke. Katika halijoto yoyote, zimo chembe chache zenye mwendo mkubwa kuliko wenzake, na zile zilizo juu kabisa hufanikiwa kuponyoka na kwenda zake hewani. Zinazobaki ni zile za mwendo mdogo, na wastani wa mwendo ukishuka, halijoto nayo hushuka. Kila gramu inayoondoka namna hiyo huchukua kilojuli 2.4 hivi. Chukueni mtungi wenye lita tano za maji. Gramu 100 zikivukizwa kutoka kwenye kuta zake, ambazo hazifiki hata nusu ya kikombe kikubwa cha chai, zinatosha, kama joto lake lote lingetoka katika yale maji yaliyobaki, kuyapoza kwa nyuzi 11.

Ndiyo maana udongo wa mtungi haupakwi rangi. Una vinyweleo, na maji hupenya polepole kutoka ndani hadi nje, mpaka mtungi ukaonekana umetoka jasho. Ndiyo maana Bibi aliuweka upenuni penye upepo na kivuli, juu ya mchanga mbichi, wala si kabatini. Ndiyo maana alikataza usioshwe kwa sabuni. Na ndiyo maana, ndugu zangu, mtungi ukipakwa vanishi unakufa. Utabaki na umbo lake, lakini kazi yake itakuwa imekwisha.

Wazee waliorudi Oman kutoka Unguja walikuwa na neno moja walilopenda kulisema: kwamba maji ya jahla ni matamu kuliko maji ya mtungi. Wengine walisema ni udongo wa Bahla, wengine walisema ni baraka ya nchi ya mababu. Udongo wa Bahla ni mzuri kweli, lakini sababu kubwa ni hewa. Chembe za maji zinazotoka mtungini hukutana na chembe za maji zilizokwisha kuwamo hewani, na nyingine kati ya hizo hurudi mtungini zikiwa na joto lake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, zinazorudi zinakaribia kulingana na zinazotoka, na faida inakuwa ndogo. Kaskazi ikivuma Unguja, katika hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 80, mtungi hata ukiwekwa penye upepo mzuri namna gani hauwezi kuyashusha maji chini ya nyuzi 29. Katika Oman ya ndani, hewa ikiwa ya nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 15, jahla inayoning'inia kwa kamba mlangoni inaweza kukaribia nyuzi 21. Nchi iliyo kali zaidi kwa joto ndiyo inayotoa maji baridi zaidi.

Jambo hili ndilo lililotokea kwa Babu, nami nalisimulia kama nilivyolisikia kwa Bibi na kwa ami zangu wawili waliokuwapo.

Ilikuwa Juni ya 1976. Familia ilikuwa ikikaa Matrah, katika vyumba viwili vilivyoelekea bahari, na kilichokuwamo cha kupozea ni feni moja. Babu alikuwa na maradhi ya kifua ya siku nyingi. Kwa siku tatu upepo wa bahari ulileta unyevu mzito, nguo zikawa hazikauki kwenye kamba hata usiku, na Babu akaanza kupotewa na maneno. Alikuwa akitokwa na jasho jingi, jasho likimtiririka na kulowesha mkeka, lakini mwili wake ukizidi kuwa wa moto. Usiku wa tatu Bibi alikwenda kumchotea maji. Mtungi ulikuwa umelowa kila upande, umetoka jasho kama Babu, na maji yaliyomo ndani yalikuwa vuguvugu.

Akarudi akasema wamwondoe Babu wampeleke Nizwa kwa jamaa usiku ule ule. Ami mkubwa alikataa. Kila mtu alijua kwamba Nizwa katika Juni ni tanuri, kwamba joto lake hupita la Maskati kwa nyuzi nyingi. Kumpeleka huko mgonjwa wa homa ilikuwa kama kumtoa kwenye jua na kumweka kwenye moto. Bibi akamjibu, "Mwanangu, mtungi umeshindwa kujipoza. Baba yako ana nini cha kuushinda mtungi?"

Walitafuta gari la jamaa, wakamlaza Babu nyuma juu ya godoro, na wakasafiri usiku kucha. Asubuhi walikuwa Nizwa. Wakamlaza chini ya mitende karibu na falaji, wakamfunika kwa shuka iliyoroweshwa, wakawa wanamnywesha maji ya jahla kidogo kidogo, na tabibu akaitwa. Mchana ulikuwa mkali kama Ami alivyosema. Lakini ilipofika alasiri Babu aliuliza yuko wapi, na akaomba kahawa.

Siku ile hakuna aliyepima kitu chochote. Tuchukue mfano tu, ili tuone hesabu ya maneno ya Bibi. Hewa ya pwani ya nyuzi 37 yenye unyevu wa asilimia 65 haiwezi kukipoza kitu kilicholowa, mtungi au ngozi, chini ya nyuzi 31. Hewa ya ndani ya nyuzi 43 yenye unyevu wa asilimia 12 inaweza kukifikisha nyuzi 21. Kipimajoto cha ukutani kingempa ushindi Ami, kwa tofauti ya nyuzi sita. Mtungi ulimpa ushindi Bibi, kwa tofauti ya nyuzi kumi. Jasho lililokuwa likimtiririka Babu kule Matrah halikumsaidia kitu, kwani jasho hupoza pale tu linapovukizwa. Linapodondoka chini huondoka na maji ya mwili na kuliacha joto mahali pake.

Wanasayansi wana chombo kinachofanya kazi ya mtungi ule: kipimajoto ambacho ncha yake imefungwa kitambaa kilicholowa na kupitishiwa hewa. Kipimo chake kikifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya, aliyekaa kivulini, mwenye maji ya kunywa na feni mbele yake, hawezi kuutoa nje mwilini joto lake mwenyewe, na majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba mwili huanza kushindwa kabla ya hapo. Pwani za Ghuba ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako kipimo hicho kimewahi kufikiwa, japo kwa saa chache. Si bure kwamba sheria ya Oman inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni hadi Agosti.

Nawaomba msiyachukue masimulizi haya kuwa ni dawa. Hewa kavu ya nyuzi 43 humuua mtu asiye na maji wala kivuli, na mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa joto leo hupelekwa hospitali bila kungoja, huku akipozwa kwa maji na upepo. Ninalowaomba ni hili: mnapowapigia simu wazee wetu wa Maskati, wa Sur na wa Dubai katika miezi hiyo, msiwaulize tu nyuzi ni ngapi. Waulizeni kama nguo zinakauka kwenye kamba. Waulizeni kama kiyoyozi kinafanya kazi, na kama umeme ukikatika wana pa kwenda. Feni peke yake katika hewa iliyoshiba unyevu husukuma joto lile lile huku na huku.

Kuna wanaopenda kusema kwamba sisi wenyewe ni kama maada hii; kwamba tuliganda, tukayeyuka, tukatawanyika baada ya 1964 kama mvuke, na kwamba ndani yetu tumebaki wale wale. Ni maneno mazuri ya harusini, lakini mimi siyakubali yote. Chembe ya maji haina kumbukumbu. Iliyotoka katika mtungi wa Unguja haijui tofauti inapoingia katika jahla ya Bahla, na haimlilii iliyobaki nyuma. Watu si chembe, na sisi hatukubaki wale wale.

Kuna jambo moja tu nililojifunza katika elimu hii linalonifanya nimtazame Bibi kwa jicho jingine. Wanawe wote husimulia kwamba miaka yao ya mwanzo Oman yeye hakubadilika. Hakulia, hakulalamika, alipika, alishona kofia, aliwafundisha watoto kusoma, na uso wake ulikuwa ule ule kila siku, hata wengine wakasema kwamba kuhama hakukumgusa. Nami nimeona jinsi kipimo kinavyosimama palepale wakati maji yanameza joto jingi kuliko wakati mwingine wowote. Sidai kwamba najua kilichokuwamo moyoni mwake. Nasema tu kwamba kipimo kutulia si ushahidi kwamba hakuna kilichokuwa kikiingia.

Basi, kuhusu orodha. Nimeandika jina langu mbele ya jahla, na nitaitumia kwa kazi yake. Mtungi nimeuachia nafasi, kwa kuwa ninapokaa hapaufai na mmoja wenu anaweza kuwa na upenu mzuri zaidi. Atakayeuchukua auloweke siku nzima kabla ya kuutumia, kwani umekaa mkavu muda mrefu. Auweke kivulini penye upepo. Autie maji safi na kuubadilishia kila siku. Ausugue kwa makumbi ya nazi na maji matupu. Asiupake kitu. Kisha siku moja ya kiangazi awaite watoto, aweke kipimajoto kimoja ndani ya maji yake na kingine ndani ya maji ya ndoo ya plastiki iliyo kando yake, awaache wasome wenyewe, na awaeleze habari ya Nizwa.

Ami mdogo yungali hai, na anaikumbuka safari ile. Aliye karibu naye amrekodi kabla ya Ramadhani, kwani masikio yake yamekuwa mazito na simu haimfai tena.